Sauti Themanini, Sikio Moja

Mwalimu anatamka: "Bata." Ni imla ya darasa la pili, maneno matano tu, na wanafunzi wameinamia madaftari yaliyokunjika pembe. Mmoja wao, dawati la tatu upande wa dirishani, anaandika taratibu huku ncha ya ulimi imetoka nje, kwa mwandiko wa kupendeza: pata. Neno la pili ni "dada". Anaandika tata. La tatu ni "gogo", naye anaandika koko. "Mama" na "soma" anayapata. Mwalimu anapita na kalamu nyekundu, anampa 2 kati ya 5, na chini yake anaandika neno linalojulikana na kila aliyepita shule ya msingi Tanzania: Jitahidi.

Ajitahidi nini? Mtoto huyu hakuzembea. Nyumbani kwao wanasema Kimakua, na Kimakua hakina b, d na g kama zilivyo katika Kiswahili. Kina p, t na k, tena kila moja kwa namna mbili, ya kawaida na ya kupuliza pumzi, tofauti ambayo wenyeji wa pwani wanaijua hata katika Kiswahili chao na sisi wa bara tumeiacha ipotee. Sikio lake limefunzwa tangu tumboni kuchuja mambo mengine kabisa. Akiambiwa "bata" linamletea sauti ya karibu anayoifahamu, na mkono unaandika kwa uaminifu kile ulichokabidhiwa. Maneno mawili aliyoyapata ni yale ambayo sauti zake zote Kimakua kinazo. Imla ile, ukiisoma kwa jicho la fundi, ni ripoti kamili ya daktari. Mwalimu ameisoma kama bili.

Niseme mapema kwamba darasa hili si la shule moja wala mwalimu mmoja. Nimeliunga kwa vipande vya madarasa mengi niliyokaa nyuma yake nikiwa mkufunzi, daftari mapajani, na nimeliweka Chiungutwa, wilaya ya Masasi, kwa sababu ukanda ule baina ya Masasi na Newala ndipo Wamakua, Wayao na Wamakonde wanapokutana shambani, gulioni na hatimaye kwenye dawati moja. Nikiri pia kwamba miaka yangu ya mwanzo, ningepewa daftari lile, nami ningeandika "Jitahidi".

Kiyao nacho kina la kwake. Asili yake hakina r. Maneno yenye r yakiingia humo hugeuka l. Mtoto wa Kiyao aliyelelewa na bibi yake anaweza kukuambia kuna kalamu kwa mjomba, na ukadhani ni kalamu ya kuandikia kumbe watu wanachinja mbuzi. Sasa mlete darasani mwalimu mgeni aliyetoka Mara, Mkurya ambaye lugha ya kwao inapenda r na haina habari na l, asimame ubaoni aseme, "Chukueni karamu zenu." Darasa zima linakaa kimya linangoja pilau. Tunacheka, lakini angalia mpangilio wenyewe: mwalimu anayetakiwa kunasa tofauti ya r na l, sikio lake halikuzaliwa nayo, na mtoto anayetakiwa kuipata, lake pia. Hakuna chuo cha ualimu nilichowahi kukiona kikimwambia kijana anayepangiwa kazi Masasi kwamba kabla hujaripoti, hizi hapa sauti ambazo watoto utakaowapokea hawana, na hizi hapa ambazo wewe huna.

Tena si kila mtoto wa Chiungutwa yuko hivi. Wengi siku hizi wanakua na Kiswahili mdomoni tangu mwanzo, hasa walio karibu na barabara na maduka. Darasani wamechanganyika: huyu hana shida, yule ana shida ya herufi tatu, mwingine ya moja. Ndiyo maana jambo hili halionekani. Kama wote wangekosea sawa, mwalimu angeshtuka.

Siku ya darasa hilo huanza kabla ya darasa. Saa moja na nusu asubuhi mwalimu wa zamu anagonga rimu la gari lililoning'inizwa mwembeni, na watoto wanaingia na fagio za vijiti na vidumu vya maji. Kidumu kina uzito wake katika nchi ile. Ukipanda uwanda wa Makonde kuelekea Newala, mvua inazama mchangani na kutokea chini kabisa, mabondeni na kingoni mwa uwanda. Juu hakuna mto wa kuchota. Mabomba ya mradi wa maji wa Makonde yalianza kulazwa miaka ya 1950, na hadi leo maji ni habari ya kila nyumba. Mtoto wa miaka saba anayefika na lita zake tatu amekwisha kufanya kazi kabla ya "Shikamoo, mwalimu". Halafu mstarini: wimbo wa taifa, kucha, sare, matangazo. Saa mbili wanaingia.

Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Mwaka 2015 serikali iliamua kwamba muda mwingi wa madarasa haya mawili uende kwa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, uamuzi ambao nauunga mkono kwa mikono miwili. Ubaoni kumeandikwa ba be bi bo bu, chini yake da de di do du. Mwalimu anashika fimbo nyembamba, anagusa silabi ya kwanza, na watoto themanini wanaitikia kwa sauti inayotikisa bati. Anagusa ya pili. Ya tatu. Mgeni akipita nje atasema hapa panasomwa kwelikweli.

Ukikaa nyuma, kwenye dawati la mwisho, utaona kitu kingine. Sauti ile kubwa imeundwa na makundi matatu. Wapo wanaosoma, labda robo ya darasa, macho ubaoni na mdomo ukitangulia fimbo. Wapo wanaodandia: wanachelewa nusu pumzi, wanaokota mwanzo wa sauti kwa waliotangulia na kuumalizia. Na wapo wanaotikisa midomo tu, ambao wimbo wa ba be bi bo bu wanaujua kama wimbo mwingine wowote. Ukiigeuza safu, ukaanzia bu kurudi nyuma, wataendelea kuimba ba be bi huku wakitazama dari. Mwalimu mzoefu anajua ujanja wa kugusagusa silabi bila mpangilio. Lakini hata yeye, akigusa ba, anachosikia ni mchanganyiko wa "ba" na "pa", na kwa kuwa anatarajia "ba", sikio lake linampa "ba". Makofi. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!"

Hebu tupige hesabu, maana katika mjadala wa elimu tunapenda kuhesabu madarasa, matundu ya vyoo na madawati, na mara chache tunahesabu sekunde. Dakika 30 za kipindi: toa tano za kutulia na kugawa madaftari, tano za kurudia somo la jana, tano za kunakili ubaoni. Zinabaki 15, sawa na sekunde 900. Gawanya kwa watoto 80, kila mmoja anapata sekunde 11 na ushee za kusoma peke yake mwalimu akimsikia. Zidisha kwa siku 194 za masomo za mwaka wetu: dakika 36. Mwaka mzima. Mtoto anayekaa dakika 36 kwenye baiskeli kwa mwaka hamtarajii aendeshe.

Najua jibu linalokuja: basi tupunguze idadi. Kiwango cha taifa ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na mwenye kupinga kiwango hicho sijamwona. Lakini rudia hesabu ileile kwa watoto 45 na utapata sekunde 20 kwa siku, dakika 65 hivi kwa mwaka. Ni karibu mara mbili, na bado ni saa moja na kidogo. Maana yake ni kwamba hata siku tutakapojenga vyumba vyote na kuajiri walimu wote, tukiendelea kufundisha kwa mtindo wa fimbo na kiitikio, mtoto wa dawati la tatu ataendelea kusikika saa moja kwa mwaka. Tatizo la msongamano ni la kweli, ila limekuwa pazia linaloficha jingine.

Sasa wagawe watoto hao wawiliwawili, mmoja asome na mwenzake afuatishe kwa kidole, kisha wabadilishane. Katika dakika zilezile 15 kila mtoto anasoma dakika saba na nusu. Kwa mwaka zinafika saa 24. Kelele zitakuwepo, tena kelele mbaya kuliko za kiitikio, na mkuu wa shule akichungulia atadhani darasa limemshinda mwalimu. Hapo ndipo walimu wengi wanapoishiwa ujasiri. Na wanaovuka hofu hiyo wanakutana na kikwazo cha pili: wasome nini? Ubao ni mmoja. Watoto 80 wenye ubao mmoja hawana budi kusoma kitu kimoja kwa wakati mmoja wakitazama upande mmoja. Kiitikio hakikutokana na uvivu wa walimu. Kimezaliwa na uhaba wa vitabu, kikakua, na sasa kinaitwa mbinu.

Umri wa mbinu hiyo ni mkubwa. Kusoma Kiswahili si jambo la juzi Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitembea kutoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawaacha chini ya majabali ya Masasi waanzishe kijiji, na shule ikafuata kwa maandishi yaliyopigwa chapa Zanzibar. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni, akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ya Steere, akafanya kazi Chitangali, upande wa Newala. Hao walisoma Kiswahili katika nchi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde kabla ya wilaya nyingi za bara kuona alfabeti. Lakini vitabu vilikuwa vya kuhesabika, na kitabu kimoja mbele ya watu wengi husomwa kwa kuitikia.

Kisha ikaja 1974. Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo mwisho wa 1977, na walimu wakatafutwa miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundwa vijijini huku wakifundisha, radio na masomo kwa njia ya posta vikiwasaidia. Watu hudharau "walimu wa UPE", yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Mimi siwezi, maana waliofundisha wazazi wa nusu ya wasomaji wa safu hii ni wao. Ila kijana wa miaka 18 mbele ya watoto mia, bila vitabu, angeshika nini kama si fimbo na wimbo? Mwaka 2001 ada ikafutwa, chini ya rais aliyezaliwa Lupaso, Masasi hiyohiyo, Benjamin Mkapa. MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ukaanza 2002 na wimbi la pili likaingia. Januari 2016, michango ilipoondolewa, likaja la tatu. Kila wimbi lilikuwa ushindi wa haki, na kila moja lilikipa kiitikio sababu mpya ya kuishi. Ruzuku iliyowekwa ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikateremka shuleni. Kwa 6,000 unanunua chaki.

Upimaji wa kitaifa wa 2013 kwa darasa la pili ulionyesha kwamba waliosoma Kiswahili kwa kasi inayotakiwa na kuelewa walichosoma hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Kumbuka ni Kiswahili, lugha ambayo herufi zake ni za uaminifu: ukishajua sauti zake umeshajua kusoma, haina mitego ya Kiingereza ambapo herufi nne zinaweza kutoa sauti moja na mbili zikakaa kimya. Wafini, ambao maandishi yao ni manyoofu kama yetu, watoto wao wengi wanasoma maneno kabla mwaka wa kwanza wa shule haujaisha. Kwa hiyo Kiswahili kilitupa mteremko, nasi tukaushuka kwa kusukuma gari.

Mkoa wa Mtwara ulibahatika. Kati ya 2016 na 2021 ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya bara, pamoja na Iringa, Morogoro na Ruvuma, na Zanzibar pia, iliyoingia katika mradi wa Tusome Pamoja uliogharimiwa na Wamarekani. Vitabu vya hadithi vikafika, walimu wa madarasa ya chini wakafunzwa kuanza na sauti ya herufi badala ya jina lake, waseme "mmm" na si "ema", na maofisa elimu kata wakafunzwa kukaa darasani kumsaidia mwalimu, kinyume cha mazoea yao ya kufika kukagua andalio la somo na kuondoka. Kenya, mradi wa jina karibu na hilo, Tusome, ulianza 2015 nchi nzima kwa jambo moja la kijasiri: kitabu kimoja kwa mtoto mmoja. Mimi nadhani ule ndio uliokuwa moyo wa jambo lote. Mengine, vishikwambi vya wakufunzi na chati za rangi, ni mapambo yenye faida. Mwaka 2025 Marekani ikafunga shirika lake la misaada na mlango wa fedha za aina hiyo ukajifunga nao. Vitabu vilivyobaki vimo kwenye makabati ya ofisi, vingine vizima, vimefungiwa visichakae. Hili linaniuma kuliko takwimu yoyote. Kitabu cha darasa la kwanza ambacho hakijachakaa ni hasara iliyotunzwa vizuri.

Nirudi darasani, ni saa nne, mapumziko. Pengine kuna uji, pengine hakuna. Inategemea wazazi walivyokubaliana kuchangia, na makubaliano yenyewe yanategemea mwezi. Kalenda ya shule na kalenda ya tumbo kule kusini zinapishana. Fedha ya korosho huingia kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi, wakati minada ya vyama vikuu vya ushirika kama MAMCU na TANECU inapofanyika. Mwaka wa shule unaanza Januari, katikati ya mvua, ghala likielekea kukauka na kipya kingali shambani. Mtoto anaanza darasa la kwanza, miezi ambayo atakutana na sauti za herufi kwa mara ya kwanza maishani, katika kipindi chenye njaa kuliko vyote, njia zikiwa tope, na familia nyingine zimehamia vibanda vya shambani kulinda mahindi na mpunga dhidi ya ngedere na nguruwe. Ikifika Juni na Julai anga linanuka salfa inayopulizwa mikoroshoni. Ikifika Oktoba mtoto mwenye mikono miepesi ana thamani chini ya mkorosho, na asipookotea wazazi wake ataokota za kuuza kimyakimya kwa mtu wa kangomba, mlanguzi wa korosho. Darasani mahudhurio yanashuka. Ukilinganisha daftari la mahudhurio na msimu, utaona shule inafuata mvua na korosho kama kila kitu kingine pale.

Wapo wanaosema serikali za vijiji ziwakamate wazazi. Sheria ya elimu ya 1978 inaruhusu. Wakamateni. Lakini mtoto anayekosa wiki tatu za Oktoba akirudi katika darasa la kiitikio hatajulikana kwamba alikosa kitu, kwa sababu sauti ni ileile, themanini au sitini na tano. Atadandia.

Halafu kuna shule nyingine, ya zamani kuliko zote, nayo ina mtaala wake. Likizo ya Juni na ya Desemba ni misimu ya jando na unyago. Walimu wanalalamika, na malalamiko yao yana haki: watoto wanachelewa kurudi, wengine wana miaka minane, na msichana aliyekwisha kuchezwa anaambiwa mambo ambayo yanamfanya aone dawati limekuwa dogo. Serikali mara kwa mara inaagiza shughuli hizo ziishe kabla ya shule kufunguliwa. Sawa. Mimi lakini kila nikikumbuka jando nakumbuka namna linavyofundisha. Nyimbo zinaimbwa kwa pamoja usiku kucha, ndiyo, ila kila mwali ana mtu mzima wake wa kumwangalia, na kuna saa atasimama peke yake, ataulizwa, na asipojua itajulikana palepale kwamba hajui. Hakuna anayetoka kwa kudandia. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alilielewa hilo: badala ya kupigana na jando akalibatiza, akaanzisha la Kikristo. Wenzake wengi walimshangaa. Naamini aliona kwamba pale msituni palikuwa na ualimu ambao shule yake ya misheni haikuwa nao.

Sipendekezi turudishe ngariba darasani. Ninachosema ni kwamba katika kijiji kilekile, chini ya anga lilelile, wapo watu wazima wanaojua kwamba kufundisha wengi na kumsikia mmoja ni kazi mbili, na zote lazima zifanyike.

Inafanyikaje kwa watoto 80 na mwalimu mmoja? Njia ninayoijua haina fedha ndani yake. Majina 10 kwa siku, yameandikwa pembeni mwa andalio la somo. Wakati darasa likisoma wawiliwawili, au likinakili kama vitabu hakuna, mwalimu anapita kwa hao 10 tu, dakika moja na nusu kila mmoja, na anaandika alichosikia, si alama. "b husema p." "r husema l." "Anakariri, hatazami." Kwa siku 8 darasa limeisha, anaanza upya, kwa mwaka kila mtoto amesikilizwa mara 24. Upungufu upo. Katika jozi, watoto wawili wa Kimakua watakubaliana kabisa kwamba ni pata, watapeana hata makofi. Kwa hiyo sikio la mwalimu haliepukiki, au la mwanafunzi wa darasa la sita aliyekwisha kuvuka mto huo mwenyewe, ambaye kwa kazi hii mara nyingi ni bora kuliko sisi kwa sababu bado anakumbuka palipo na kina. Wapo walimu watakaosema hawana muda wa kuandika. Wanao, wanautumia kujaza fomu, na hilo kosa si lao.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wazazi wengi wamefurahi. Hilo nitaliandika siku nyingine. Kwa leo nauliza tu, mtoto ambaye bado hajapata b ya Kiswahili, tunamwongezea a ya Kiingereza yenye sauti kadhaa, na ataisikia kwa nani?

Inakaribia saa sita, na madarasa ya chini yanafungua. Darasa letu limetoka isipokuwa watano, ambao mwalimu amewaita chini ya mkorosho ulio nyuma ya ofisi. Mmoja ni yule wa dawati la tatu. Ameambiwa aweke vidole viwili kooni, aseme "mmm", aendelee kuisema, asikie koo linavyotetema. Sasa afumbe midomo vilevile, koo liendelee kutetema, aifungue ghafla. Mara ya kwanza inatoka "pa". Mara ya pili "pa". Wenzake wanne nao wameshika makoo yao, wanamtazama. Mara ya tano au ya sita koo linashika, na inatoka sauti ambayo hakukusudia. Anaondoa vidole, anavirudisha, anaitoa tena. Mwalimu anafungua daftari lenye 2 kati ya 5 na kumwekea kidole kwenye neno la kwanza.

"Haya, soma ulichoandika."

Anasoma, "Pata."

"Mimi nilisema nini?"

Mtoto anashika koo lake kwanza.